Skrubu Yenye Rangi ya Kucha

Mpelelezi hakuwa na gari. Hakuwa na bastola, hakuwa na msaidizi, hakuwa na simu ya kupiga picha. Shahada hakuwa nayo. Alikuwa na cheti cha shule ya jioni, somo la umeme wa majumbani, alichokipata akiwa na miaka arobaini na mitatu, na alitembea nacho mfukoni kimekunjwa mara nne. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa zamani. Ulimi mtamu hakujaliwa kabisa. Na siku ile alikosa hata muda: aliingia kwenye kiwanda cha sabuni saa nne asubuhi, na saa kumi jioni polisi walikuwa wanakuja kumchukua karani.

Alichokuwa nacho ni daftari la kurasa mia. Kila alichofanya alikiandika humo kwa namba, hatua ya kwanza, hatua ya pili, bila kuruka hata moja. Ndiyo maana huko ofisini kwa Mkaguzi Mkuu wa Viwanda walimwita Bwana Hatua, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli. Yeye aliwaitikia wote.

Mpelelezi alimkuta karani koridoni, amekalishwa kwenye kiti cha mbao, uso ukutani. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, miguu imevimba, viatu amevua na kuvipanga sawasawa chini ya kiti. Mbele ya pua yake palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono: MIMI NDIYE NILIYEUA KOMPYUTA. Wafanyakazi waliokwenda kunawa walipita nyuma yake. Wengine walicheka, wengine walikohoa tu.

"Nani kaandika hii?" mpelelezi aliuliza.

"Mimi," karani alijibu bila kugeuka. "Meneja kaniambia mwandiko wangu ndio mzuri kuliko wa wote."

"Umekaa hapa tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

Ilikuwa Alhamisi. Mpelelezi aliandika, akapita.

Meneja alimpokea mlangoni na kikombe mkononi, anakoroga. Alikuwa mtu mnene mwenye uso wa furaha. Aliongeza kijiko cha nne cha sukari, akalamba kijiko.

"Karibu, mzee! Umekuja mazishini? Marehemu yuko pale mezani." Akacheka mwenyewe. "Bahati mbaya hana mjane."

"Mpishi wa sabuni anaye," mpelelezi alisema.

Kicheko cha meneja kilikatika.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Wiki tatu nyuma, tangi namba mbili lilipasuka na mpishi wa sabuni akamwagikiwa na magadi ya moto. Alikufa siku ya pili, ngozi imemtoka kama soksi. Meneja alisema mtu huyo alikuwa mlevi, tena hakuna aliyemwamuru aendelee kupika kwenye tangi linalovuja. Wapishi wenzake walisema amri ilikuwepo, tena ya maandishi, ila nakala zote zilikusanywa jioni ile ile ya ajali. Kama amri ilikuwepo, ilipigwa na karani kwenye kompyuta moja, kwa kuwa kiwanda kizima kilikuwa na hiyo moja tu. Jumatatu Mkaguzi Mkuu aliagiza kompyuta ifunguliwe mbele ya mtu wake. Jumanne asubuhi haikuwaka.

"Na chumba hiki kina funguo ngapi?" mpelelezi aliuliza.

"Tatu. Wangu, wa karani, na wa fundi wa kompyuta."

Fundi alikuwa pale pale, ameegemea kabati. Kijana wa miaka kama thelathini, shati limepigwa pasi vizuri, mkanda wa vifaa kiunoni. Alitoa karatasi mfukoni. "Ripoti yangu iko tayari. Nisome?"

"Soma."

"Nimepima soketi, nzima. Nimepima waya wa umeme, mzima. Chai imemwagika juu ya kasha, imeingia ndani na kuunguza mazabodi, yaani lile bamba kuu, pamoja na diski. Mashine haitengenezeki. Napendekeza iteketezwe."

"Chai ya nani?"

"Ya karani. Huwa anakunywa mezani." Fundi alikunja karatasi. "Inaniuma kusema. Yule ni shangazi yangu. Baba alipofariki ndiye aliyenilea, na kazi hii ndiye aliyeniombea. Lakini kazi ni kazi."

"Unasikia, mzee?" meneja alisema. "Damu yake mwenyewe inamkana. Wewe unataka nini zaidi?"

"Birika la umeme," mpelelezi alisema.

Aliletewa. Hatua ya kwanza: alichomoa plagi ya kompyuta ukutani, akachomeka birika kwenye soketi ile ile, akasimama mbele yake mikono nyuma. Meneja alipiga miayo. Baada ya dakika nne maji yalichemka. Mpelelezi aliandika: soketi nzima. Kisha akarudisha plagi ya kompyuta, akabonyeza kitufe cha kasha. Kimya. Hakuna feni, hakuna taa, hata mlio wa mbu hakuna.

Hatua ya pili ilikuwa ile chai. Doa lilikuwa juu ya kasha, la kahawia, limetiririka ubavuni mpaka mezani. Mpelelezi aliinama, akaligusa kwa kidole. Lilinata. Mstari wa sisimizi ulitoka kwenye ufa wa dirisha, ukavuka meza, ukapanda mpaka kwenye doa. Aliwatazama sisimizi muda mrefu kiasi kwamba meneja aliguna.

"Unawahesabu?"

"Nawauliza."

Hatua ya tatu ilikuwa kufungua kasha. "Niazime bisibisi yako," alimwambia fundi.

Fundi aliweka mkono kwenye mkanda. "Samahani, mzee wangu. Bisibisi ni kama mswaki, haiazimwi. Hii sijawahi kumpa mtu hata siku moja."

"Nitakufungulia mimi," fundi akaongeza haraka.

"Hapana. Nitatumia kisu."

Alifungua skrubu mbili za ubavuni kwa ncha ya kisu cha kukatia bahasha, akavuta kifuniko. Ndani, juu ya mazabodi, vumbi lilikuwa limetanda jepesi, la kijivu, kama manyoya ya kifaranga. Alipuliza. Likapaa. Chai ingeingia humo, vumbi lile lingekuwa tope. Alirudisha kifuniko, akaandika mistari miwili, akafunga daftari.

"Basi," alisema kwa sauti kubwa. "Inaonekana imekufa kweli. Nendeni mkale. Saa tisa na nusu tutamalizana na huyu mama."

Meneja alimpiga fundi begani, wakatoka wanazungumza. Mpelelezi alisubiri hatua zao zipotee kwenye ngazi, kisha akafunga mlango kwa ndani.

Hatua ya nne aliifanya peke yake. Kioo cha kompyuta kilikuwa kinawaka vizuri kwa waya wake, na waya wa kioo ulikuwa sawa kabisa na waya wa kasha. Aliuchomoa ule wa kioo, akauchomeka nyuma ya kasha. Kupitia matundu ya kasha akaona taa ndogo ya kijani ikiwaka ndani, kwenye pembe ya mazabodi.

Hakubonyeza kitufe. Alirudisha kila kitu kama kilivyokuwa, akachukua waya wa kasha mkononi, akaufuata kwa vidole mpaka kwenye plagi. Ilikuwa plagi ya miguu mitatu, ya kufungwa kwa skrubu moja kubwa. Kichwa cha skrubu kilikuwa kimepakwa rangi nyekundu inayong'aa. Rangi hiyo ilikuwa imepasuka katikati, na vipande vimebanduka.

Alipekua plagi ya kioo, ya printa, ya taa ya mezani, ya birika. Zote zilikuwa na rangi ile ile, na hakuna iliyopasuka.

Aliifungua plagi ya kompyuta kwa kisu. Fyuzi, kile kijibomba cheupe kama kipande cha chaki, ilikuwamo. Aliipima kwa kuihamishia kwenye plagi ya birika, ambalo alijua ni zima. Birika likakataa. Fyuzi ilikuwa imeungua. Aliitia mfukoni, akachukua ile nzima ya birika, akaifunga kwenye plagi ya kompyuta, akaichomeka ukutani. Kisha akatoka koridoni.

Karani alikuwa vile vile, uso ukutani.

"Geuka," mpelelezi alisema.

"Nimekatazwa."

"Basi jibu hivyo hivyo. Chai yako unatia sukari vijiko vingapi?"

Mabega ya karani yalitikisika kidogo, kama mtu aliyetaka kucheka. "Sukari! Huu mwaka wa tisa sijaionja. Nina kisukari, baba. Hata ndizi mbivu naiangalia tu."

"Kwenye skrubu za plagi kuna rangi."

"Rangi ya kucha. Yangu."

"Ya nini?"

"Kuna fundi mmoja wa zamani alikuwa anaiba fyuzi. Anatoa nzima, anatia mbovu, kisha naulizwa mimi. Nikapaka kila skrubu. Ikifunguliwa, rangi inapasuka, nami najua."

"Ulimwambia nani?"

"Nani atajali rangi ya kucha ya bibi kizee? Huyo mpwa wangu alinicheka, akasema shangazi unaipamba mpaka plagi, unataka iolewe? Nikamwacha acheke."

"Skrubu ya kompyuta ilikuwa nzima lini mara ya mwisho?"

"Jumatatu, saa kumi na moja. Hukagua zote kabla sijafunga."

Mpelelezi aliandika. Kisha akauliza bila kubadili sauti: "Amri ya kuendelea na tangi namba mbili, uliipiga wewe?"

Mfanyakazi mmoja alipita na ndoo, maji yakamwagika kidogo sakafuni.

"Mimi huandika ninachosomewa," karani alisema.

"Nimeuliza kama uliipiga."

"Niliipiga."

"Na wiki tatu hizi, mjane wa yule mpishi alipokuja hapo getini, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia sijui." Kichwa chake kilishuka mpaka paji la uso likagusa karatasi. "Nyumba ninayokaa ni ya kiwanda, baba."

"Kaa hivyo hivyo," mpelelezi alisema. "Nataka wakukute hivi."

Akamwacha pale. Angeweza kumwambia avae viatu aende zake. Hakumwambia.

Saa tisa na nusu waliporudi, meneja alikuwa anachokonoa meno. Mpelelezi alimleta karani ndani, akamsimamisha kando ya dirisha, pekupeku. Tarishi naye aliitwa, mzee mwembamba mwenye mkoba wa barua, akae mlangoni kama shahidi.

"Mama," mpelelezi alisema kwa ukali, "mashine hii imekufa mikononi mwako. Fundi atakuonyesha ilivyokufa, kisha utasaini."

"Sawa," karani alisema.

"Fundi. Waonyeshe."

Fundi alisogea kama mwalimu mbele ya darasa. "Shangazi, samahani sana. Tazama. Soketi inawaka, waya umechomekwa, mimi nabonyeza hapa, na hakuna..."

Feni ilinguruma. Taa ya bluu ikawaka mbele ya kasha, mlio mmoja mfupi ukasikika, na kioo kikajaa mwanga.

Meneja alikitazama kioo mdomo wazi. Karani alikitazama kioo. Tarishi aliinuka mlangoni akikodolea kioo. Fundi alitazama ukutani, chini, kwenye plagi.

Ilikuwa muda wa kupepesa jicho tu, kisha naye akageukia kioo. Lakini mpelelezi hakuwa akitazama kompyuta. Alikuwa akimtazama yeye.

"Mashine uliyosema imeungua mazabodi imefufuka," alisema. "Watu watatu wameangalia kioo. Wewe umeangalia plagi. Kwa nini?"

"Nili... nilikuwa naangalia kama waya..."

"Toa bisibisi."

"Ya nini?"

"Ile isiyoazimwa."

Fundi hakusogea. Mpelelezi aliichomoa mwenyewe mkandani, akaishika kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye ncha, penye mkunjo wa chuma, palikuwa na vipande viwili vyekundu, vidogo kama mayai ya chawa. Aliviweka juu ya karatasi nyeupe, akaitoa ile fyuzi mbovu mfukoni, akailaza pembeni yake.

"Karani hupaka skrubu rangi ili ajue nani kazifungua," alisema. "Wewe ulidhani ni urembo."

Karani alisogea hatua moja, akaitazama karatasi, akamtazama mpwa wake. "Wewe?"

"Shangazi, nisikilize."

"Kumbe ni wewe."

"Sikuiharibu! Fyuzi tu! Ningeiondoa diski kwa amani, mashine iteketezwe, mambo yaishe. Kwani yule mpishi angefufuka?"

"Ulipewa nini?" mpelelezi aliuliza.

"Wewe kijana, nyamaza," meneja alisema.

"Ulipewa nini?"

Fundi alimtazama shangazi yake. "Nyumba."

"Nyumba gani?"

"Ile tunayokaa. Ingeandikwa jina langu. Shangazi, nisingekutupa! Ungekaa nami. Kile chumba cha uani, ningekipaka rangi..."

"Mle mnamokaa kuku," karani alisema.

Hakuna aliyecheka. Meneja alianza kwenda mlangoni, taratibu, kama mtu aliyekumbuka shughuli. Tarishi hakumpisha.

"Mimi hapa simo," meneja alisema. "Fundi amefanya yake, amekiri yake. Kazi imekwisha, mzee, hongera."

"Bado chai," mpelelezi alisema. "Kijana huyu anakaa na mwanamke mwenye kisukari. Angemwaga chai ya kumsingizia, asingetia sukari. Ile iliyomwagwa hapa sisimizi wameifuata kutoka dirishani. Aliyeimwaga ni mtu aliyefanya kazi na karani miaka mingi na hajawahi kujua anakunywa nini." Aligeuka kwa karani. "Miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

"Unamtengenezea chai yeye?"

"Kila siku. Vijiko vinne."

Meneja alikiangalia kikombe chake juu ya kabati, kisha akaketi.

"Fungua ile amri," mpelelezi alimwambia karani.

Karani aliketi mbele ya kompyuta. Hakutafuta, alijua ilipo. Amri ilitokea kwenye kioo, mistari mitatu, tarehe ya siku mbili kabla ya ajali: tangi namba mbili lisisimamishwe, uvujaji wa valvu si sababu, atakayeacha kazi ajihesabu amefukuzwa. Chini yake palikuwa na cheo cha meneja.

Mpelelezi aliagiza itolewe kwa printa, nakala mbili. Kisha akavuta kiti.

"Sasa barua kwa Mkaguzi Mkuu. Nitakusomea."

"Mimi ndiye niandike?"

"Kuna karani mwingine hapa?"

"Hakuna."

"Basi."

Mpwa wake alipiga magoti kando ya kiti. "Shangazi, usiandike. Mwambie mkono unauma. Shangazi, nakuomba, mimi ni mwanao."

Karani aliweka vidole kwenye kibodi. "Jina lake nitie lote?" alimuuliza mpelelezi.

"Lote. Kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa."

Aliliandika jina lote, maneno matatu, bila kosa. Lile la kwanza yeye ndiye aliyempa, siku ile wodini, kaka yake alipomkabidhi mtoto amshike. Mpelelezi alisoma kutoka daftarini, hatua baada ya hatua: soketi, sisimizi, vumbi, taa ya kijani, skrubu, fyuzi, bisibisi. Vidole vya karani vilikwenda kwa mwendo mmoja. Fundi alikuwa analia pale chini, na mara moja tu karani aliacha kuandika, akachukua kitambaa cha kufutia kioo, akampa, akaendelea.

"Aya ya mwisho," mpelelezi alisema. "Andika: Karani aliyepiga amri hiyo aliijua kwa wiki tatu, na alipoulizwa na mjane wa marehemu alikana."

Vidole vilisimama. Tarishi mlangoni alishusha macho.

"Hata hiyo?" karani aliuliza.

"Ni hatua. Siruki hatua."

Karani alivuta pumzi, akaiandika. Kisha akaisoma yote toka juu, akarekebisha nafasi moja iliyokuwa imeachwa mara mbili, akaitoa kwa printa. Mpelelezi alisaini. Nje, getini, gari la polisi lilipiga honi.

"Nyumba nitatakiwa kuondoka lini?" karani aliuliza.

"Hiyo si kazi yangu."

Karani alikunja barua pamoja na amri, kingo kwa kingo, akazitia kwenye bahasha, akalowesha gundi kwa sifongo na kuipitishia kiganja mara mbili. Halafu akafungua droo, akatoa kichupa kidogo cha rangi ya kucha. Pale mkunjo wa bahasha ulipokutana na karatasi, aliweka tone moja jekundu, akalipuliza mpaka likakauka.

"Ikifunguliwa njiani," alimwambia tarishi, "itapasuka. Mpe Mkaguzi Mkuu mkononi mwake. Mwingine yeyote akikuomba, umwambie karani amekataa."

"Sawa, dada," tarishi alisema. Aliitia bahasha mkobani, akafunga vifungo vyote viwili, akashuka ngazi akipishana na askari waliokuwa wanapanda.